Salamu ya Asubuhi Iliyoitikiwa Alasiri

Kila lori la mwenye duka liliporudi Kasulu kutoka Kibondo, mama yangu alikwenda kununua chumvi, hata kama nyumbani ipo. Alisimama kwenye kaunta, akapimiwa, akafunga kifurushi chake kwenye pindo la khanga, halafu ndipo akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, kama huko Murungu, upande wa Kibondo, mvua zimenyesha. Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu wa utani na mtu wa siri pia. Alimjibu bila kuinua macho kwenye mizani.

"Zimenyesha, bibie. Na wenye miguu yao wanatembea."

Mama akashukuru, akashika njia ya kurudi Kabanga. Maana ya jibu lile ilikuwa kwamba dada yake ni mzima. Baadaye mwenye duka aliniambia kwamba na kule Murungu, lori likisimama, alikuja mama mmoja mrefu kuuliza kama hospitali ya Kabanga bado inapata maji. Naye alimjibu kwamba maji yapo na wafuaji wanafua. Baba yangu alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali hiyo.

Basi kwa miaka mingi ndugu hao wawili walipelekeana habari kwa njia ya mvua na maji. Salamu hawakupelekeana. Salamu ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe.

Kwetu Buha, nchi ya Waha, mdogo ndiye anayeanza. Anainama, anapiga makofi ya taratibu, anasema "Mwakeye" kama ni asubuhi, na mkubwa anaitikia kwa makofi yake. Kisha wanaulizana watoto, shamba, mgonjwa, jirani, kila swali na jibu lake, mpaka mtu wa pwani anayesubiri pembeni anaanza kukohoa. Ukishaitikia salamu ya mtu, huwezi tena kusema una ugomvi naye. Unaweza kumdai, unaweza kumkaripia, lakini ugomvi umekwisha.

Babu yangu, baba yao, alipofariki Murungu, mama alichelewa kufika. Lori liliharibika njiani, akakaa siku kadhaa na madereva na abiria wa kila kabila, akiongea Kiswahili mchana kutwa. Alipoingia uani penye msiba alianza kueleza sababu za kuchelewa, na alizieleza kwa Kiswahili, kile cha foleni ya hospitali, kimechanganyika na Kiha hapa na pale. Mama mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza mzee peke yake muda wote ule, alimtazama mbele ya watu wote akamwuliza: umekuja kumlilia baba, au umekuja kufungua mkutano?

Watu wengine walicheka. Si kicheko kikubwa, maana palikuwa msibani, lakini mama alikisikia.

Mimi sikuwapo uani. Nilikuwa nyuma na watoto. Kwa hiyo nimelisikia jambo hili kwa mama na nimelisikia kwa mama mkubwa, na hawakubaliani. Mama anasema alisalimu kwanza, ila sauti ilimezwa na vilio. Mama mkubwa anasema hakusalimu, alianza na habari za gia. Sitaki kumhukumu yeyote. Huenda alisalimu na huenda haikusikika, na mtu aliyekesha na mgonjwa miezi mingi hawezi kulaumiwa kwa kutosikia. Lakini tazama walivyofungana. Mama hawezi kwenda kusalimu, kwa kuwa ameshasalimu. Dada yake hawezi kuja, kwa kuwa hajasalimiwa. Na miaka ikapita hivyo, mmoja akinunua chumvi, mwingine akiulizia maji.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa kisomo, nikiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwenyewe nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, halafu ushonaji kwa masista, na kila nilipoandika ubaoni nilikuwa na wasiwasi nyuma ya shingo kama mtu anayechunguliwa. Nilikuwa pia na mazoea ya kuandika kila siku yaliyotokea, kwa hiyo mengi ya haya nayatoa huko, ingawa mwandiko wangu wa zamani unanishinda mahali pengine.

Siku moja afisa elimu alinijia na binti wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, mzaliwa wa upande wa Tanga, mwembamba, amebeba begi la ngozi begani kama mtoto mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na rekoda ya kunasa sauti. Alisema anasoma namna watu wanaojua lugha mbili wanavyozichanganya: lini wanaruka kutoka hii kwenda ile, na kwa nini. Alitaka mtu wa kumsaidia kuandika yaliyonaswa, anayejua Kiha cha nyumbani na Kiswahili cha darasani.

Niliona aibu. Mimi kuchanganya lugha nilikuhesabu kuwa kosa. Mwanafunzi wangu akisema sentensi nusu Kiha nusu Kiswahili nilikuwa namrudisha mwanzo. Nikamwambia binti yule kwamba amekosea mahali, hapa atapata makosa tu. Akacheka, akasema, "Mwenzangu, hayo makosa ndiyo niliyoyafuata."

Akapanga kwetu, chumba cha mama cha kuwekea maharage. Mama alimpenda tangu siku ya kwanza kwa kuwa alikula ugali wa muhogo bila kuonja kwa woga, ingawa nilimwona akinywa maji mengi. Lakini salamu zake zilikuwa fupi mno. "Shikamoo mama," basi, ameshaketi. Mama alimfundisha kupiga makofi na kuuliza taratibu, akamwambia kwamba huku kwetu mtu akiketi kabla ya kuulizwa habari za kwao, tunadhani ametoroka.

Kazi ilianza vibaya, na sababu haikuwa yake. Njia yake ya kwanza ilikuwa kumkalisha mtu, kumwuliza maswali, na kunasa majibu. Watu wakaja wamevaa nguo za kanisani. Kitufe kilipobonyezwa wote waligeuka wajumbe. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye hajawahi kumaliza sentensi moja ya Kiswahili bila kuingiza Kiha, alikohoa, akashika ukosi wa koti, akaanza, "Ndugu wananchi." Aliongea juu ya kilimo cha kufa na kupona mpaka upande mmoja wa kanda ukaisha, Kiswahili safi, kilichonyooka kama fimbo. Rekoda ilipozimwa tu akamgeukia mkewe, akamwuliza kwa lugha zote mbili kwa pamoja kama amesikika vizuri. Binti wa chuo akafunika uso kwa mikono.

Akajaribu njia ya pili. Wanawake walikuwa wanamenya mihogo uani kwetu, akaacha rekoda imewashwa kwenye kinu kilicholazwa chini, tukaondoka. Hakuwaficha, aliwaambia inanasa na akaomba ruhusa. Mwanzoni walinong'ona, halafu wakaisahau. Pale ndipo tulipopata mchanganyiko wenyewe. Habari za mashamba na za watoto zilikwenda kwa Kiha. Bei, dawa, barua za serikali na matusi ya utani vikaingia kwa Kiswahili. Na mmoja alipomwigiza karani wa kijiji anavyojidai, alitumia Kiswahili cha puani mpaka wenzake wakaacha visu.

Kuandika yale maneno ilikuwa kazi yangu. Alinipa penseli ya rangi mbili, nyekundu huku na buluu huku. Kiha nichore mstari mwekundu, Kiswahili buluu. Jambo jepesi, kwa kusikia. Lakini neno kama "ishule" nilipe rangi gani? Bibi yangu alilisema kabla hajakijua Kiswahili. Na maneno ambayo lugha zote mbili zimezaliwa nayo, ya mkono na mguu na mtu, ni ya nani? Nilikaa na karatasi moja kutwa. Mwishowe nilichukua penseli ya kawaida, nikayapigia mstari mweusi yale nisiyokuwa na uhakika nayo, nikampelekea nikiwa nimeshajiandaa kuambiwa niache kazi. Karatasi ilikuwa imejaa weusi.

Aliitazama kwa muda. Akasema weusi nao ni jibu, niendelee hivyo hivyo, kwani msaidizi mwingine angebahatisha. Nilifurahi hata nikashindwa kula, ingawa mpaka leo sijui kama weusi wote ule ulikuwa uaminifu au ulikuwa ni woga wangu tu.

Njia ya tatu ndiyo iliyotufikisha Murungu. Alitaka kujua watu wanamwonaje mtu anayechanganya. Mpango ulikuwa huu: unachukua sauti ya mtu, unawachezea watu wa mbali wasiomjua, humtaji jina, halafu unauliza. Huyu ni mtu wa namna gani? Wa mjini au wa shambani? Ungempa mtoto wako akulelee? Sharti kubwa lilikuwa moja: msikilizaji asimjue msemaji. Akimjua, atamjibia yule mtu anayemjua na si maneno aliyoyasikia, na jibu lake haliingii kwenye hesabu.

Alimwomba mama. Mama alikubali kwa sharti la kutotajwa jina, akakaa kwenye mkeka na rekoda mbele yake. Akasimulia alivyoolewa Kabanga hajui Kiswahili, anauza ndizi mlangoni pa hospitali, wauguzi waliotoka mikoa mingine wanamwuliza bei naye anajibu habari za nyumbani. Mgonjwa mmoja kutoka mbali alivyomfundisha neno moja moja kwa kuonyesha vitu kidole, kitanda, shuka, sindano, hadi siku mgonjwa aliporuhusiwa, mama akagundua kwamba Kiswahili chake chote ni cha maradhi. Aliisimulia kwa lugha zote mbili, zikipishana kama nyuzi za mkeka ule aliokalia. Tulicheka tukiwa tumeziba midomo.

Alipomaliza aliuliza sauti yake itapelekwa wapi. Tukamtajia vijiji vya karibu na Kasulu, na baadaye Kibondo.

"Kibondo wapi?"

Nilimwambia bado haijapangwa, pengine Murungu na pengine kwingine.

Aliokota majani mawili matatu yaliyokuwa yamenasa kwenye mkeka. Kisha akasema amekosea, hakusalimu, anaomba aanze upya. Binti wa chuo alimwambia haina haja, mazungumzo ni mazuri mno. Mama akasema kwa upole wake ule usiosogezwa kwamba haiwezekani kuingia kwa watu hivyo.

Basi kanda ikarudishwa nyuma. Mama aliondoka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya rekoda, akainama, akapiga makofi. "Mwakeye." Akasubiri. Akauliza watoto, akasubiri. Akauliza shamba, akasubiri. Aliendelea kwa Kiha tupu, na baada ya kila swali aliacha kimya kirefu, macho chini, kama anayesikiliza jibu. Kisha ndipo akarudi mkekani akasimulia tena habari za ndizi na wauguzi, na safari hii vizuri zaidi. Mimi nilidhani ni adabu tu. Mama alikuwa mtu wa adabu.

Vijiji vya kwanza tuliruka salamu. Binti wa chuo alisema ni ndefu, haina mchanganyiko ndani yake, na vile vimya vitawafanya watu wadhani mashine imeharibika. Nilikubaliana naye, sikuona kosa. Tukawa tunaipeleka kanda mbele, tunaanzia kwenye hadithi. Majibu yakaniumiza. Huyu ana maringo. Huyu mke wa mkubwa. Huyu akipewa mtoto atamfundisha kudharau watu. Kijiji baada ya kijiji walisema hivyo, na mimi niliyaandika yote kama yalivyo, maana nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika na si ya kumtetea mama yangu. Binti wa chuo akaanza kusema kwamba huenda huku kuchanganya kunahesabiwa kiburi.

Halafu kijiji kimoja bibi kizee alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Huyu hana kwao? Anaingiaje kwenye maneno bila kuwasalimu watu?"

Mimi nilikuwa ninaandika, kichwa chini, sikuona kitu katika maneno yale. Mwenzangu wa chuo ndiye aliyeona. Alizima mashine, na tulipokuwa njiani kurudi alisimama katikati ya njia na begi lake begani.

"Mwenzangu, tumempima mama yako kwa kosa letu sisi."

Tulirudi vijiji vile vile na salamu yake. Kwa haki niseme kwamba si wote waliobadilika. Wapo waliosema bado kwamba ana maringo, na ni haki yao. Lakini wengi sasa walisema ni mtu aliyeolewa mbali, au mtu wa watu, na wengine walisema wangempa mtoto hata wawili. Na kila mahali, salamu ilipoanza, watu waliitikia. Hilo hatukulitegemea. Waliipigia rekoda makofi, wakaijibu habari za watoto wao katika vile vimya alivyoviacha mama, wakicheka kwamba mama huyu anawasalimu salamu ya asubuhi na jua linatua. Lakini walijibu. Hakuna aliyeweza kukaa kimya.

Kwenda Kibondo tulipanda lori la mwenye duka, juu ya magunia ya chumvi na marobota ya vitambaa. Mama alitupa maharage ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akatusindikiza hadi barabarani, hakusema neno lolote juu ya Murungu. Mwenye duka alimwuliza kama leo hana swali la mvua. Akajibu leo atasubiri.

Murungu mwenyekiti wa kijiji alitukusanyia wanawake kwenye darasa lililokuwa bado halijaezekwa upande mmoja. Ilikuwa alasiri, wametoka mashambani, wameegemeza majembe ukutani. Mimi nilikuwa nimejipa moyo kwamba kijiji ni kikubwa na watu wamehamia kutoka vitongoji vingi, kwamba si lazima aje. Akaja. Mrefu, anavuta mguu kidogo, jembe begani. Alinitambua, nikainama nikamsalimu, akaniitikia vizuri maana mimi sikuwa na kesi, akaniuliza ninafanya nini na sanduku lile. Kisha akaketi kwenye tofali karibu na ukuta, hakuweka jembe lake pamoja na mengine. Aliliweka magotini.

Nilimvuta mwenzangu kando nikamweleza yote, msiba na mkutano na chumvi. Nilimwambia yule mama mrefu ataijua sauti kwa neno la kwanza, kwa hiyo sharti litavunjika, achague kanda nyingine. Tulikuwa nazo. Na nilikuwa na hofu zaidi ya hiyo. Vijiji vyote salamu ya mama iliitikiwa na wageni. Kama dada yake mwenyewe ataisikia, mbele ya watu, na asiitikie, basi mlango ule umefungwa kabisa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeufunga.

Aliniuliza kama mama alikataa isisikike Kibondo. Nikasema hapana, aliuliza tu kama itafika, na alipojua itafika ndipo akaomba aanze tena na kusalimu.

Nilipolisema hilo kwa mdomo wangu, ndipo nikalisikia.

Mwenzangu alinitazama. Akachukua ile ile kanda ya mama akaiweka. "Majibu yake hatutayahesabu," akasema. "Lakini salamu si yangu, siwezi kuizuia."

Akabonyeza. Makofi, kisha "Mwakeye." Wanawake wakatazamana, wakacheka, saa hizi asubuhi gani, wakapiga makofi wakaitikia. Mama mkubwa hakucheka. Mikono yake ilikuwa juu ya mpini wa jembe na haikuondoka. Nilitamani kufumba macho nikashindwa.

Sauti ikauliza watoto. Kimya. Wanawake wakajibu wazima. Ikauliza shamba. Kimya. Wakajibu, mmoja akalalamikia nguruwe pori, wenzake wakacheka tena. Ikauliza jirani, wakajibu. Mama mkubwa hakusema.

Kisha mama, katika kanda, akauliza migomba ile iliyo nyuma ya nyumba, kama bado inazaa.

Nilikuwa nimeliandika swali lile kwa mkono wangu, nikalipigia mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikuwahi kujiuliza ni migomba ya nani. Vijiji vingine watu walijibu tu, kila mtu ana migomba nyuma ya nyumba. Lakini Murungu wanawake wale walianza kujibu halafu wakaacha, mmoja mmoja, kwa sababu walimwona mwenzao pale ukutani. Ameinua uso. Kimya cha kanda kikawa kimya cha darasa zima, na mkanda unazunguka.

Ikauliza mguu. Hali ya mguu, kama wakati wa baridi bado unasumbua.

Mama mkubwa akaliweka jembe chini. Akapiga makofi, taratibu, yale ya kwanza ambayo alikuwa hajayapiga, akaitikia "Mwakeye" iliyokuwa imeshapita. Kisha akajibu yote kwa mpangilio, watoto, shamba, jirani, migomba, mguu, akiongea na lile sanduku kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Alichelewa nyuma ya kanda. Mama alikuwa ameshaanza hadithi ya ndizi na wauguzi, na dada yake bado anamjibu habari za mguu, wanaongea kwa pamoja kama wanavyoongea ndugu. Mwenzangu hakuigusa mashine.

Hadithi ilipoisha maswali yaliulizwa kama kawaida, na wanawake walijibu kama kawaida: wa mjini, wa hospitalini, ameolewa mbali. Mmoja alisema ana maringo, sikuacha kumwandika. Mama mkubwa aliulizwa mwisho, kwa heshima tu. Huyu ni mtu wa namna gani?

"Ni mtu aliyesalimu," akasema.

Watu walipotawanyika mwenzangu alimwambia kuna nafasi imebaki kwenye kanda, akitaka aseme neno lipelekwe Kabanga. Akaitazama rekoda kama anavyotazamwa mtoto wa watu aliyeingia jikoni. Akanigeukia mimi.

"Mwambie nimeitika. Mengine siyasemi kwenye sanduku. Aje."

Tuliporudi, mama alikuwa barabarani, sijui nani alimwambia siku. Aliuliza kama mvua zimenyesha. Nikamwambia zimenyesha, na ameitika. Akaniuliza kwa mikono au kwa mdomo. Nikamwambia kwa vyote viwili, na kwamba migomba inazaa lakini mguu wakati wa baridi si mzuri. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoikubali, akabeba begi la mwenzangu, akatangulia mbele. Hatukuuona uso wake hadi tulipofika nyumbani.

Binti wa chuo aliondoka kabla ya mavuno ya maharage. Alinieleza kwamba kwenye kazi yake Murungu itakuwa na jibu moja pungufu, na hataandika kwa nini. Aliniachia ile penseli ya rangi mbili, kipande kilichobaki. Mama alimpa maharage mengi kuliko alivyoweza kubeba. Aliagana na mama kwa makofi na maswali, marefu kabisa, jirani na migomba na kila kitu, na mwenye duka akapiga honi.

Mama alikwenda Murungu baada ya mavuno, nami nikamsindikiza. Tuliposhuka kwenye lori alijifunga khanga upya. Hakungoja kufika uani. Alianza kusalimu kutoka njiani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, majirani wakatoka milangoni, na nina hakika ndivyo alivyotaka: safari hii asikose shahidi. Mama mkubwa alitokea pembeni ya nyumba, akasimama, akaitikia. Walisogeleana wakiulizana, swali na jibu, mimi na mizigo nimesimama kwenye jua. Hawakuruka hata moja. Mguu waliuuliza mara mbili.

Walipomaliza, mama mkubwa akajinyoosha, akashika ukosi ambao hakuwa nao, na yeye ambaye Kiswahili alikuwa akikihifadhi kwa ajili ya karani na lori, akasema kwa Kiswahili:

"Haya, ndugu mjumbe. Mkutano umefunguliwa. Ingia ndani."

Mama alicheka mpaka akakaa chini pale pale mlangoni, na dada yake akashindwa kumwinua kwa sababu ya mguu, akakaa naye.